Niliyoyaacha Katika Taarifa ya Mji wa Kati

Jumatatu, 8 Oktoba 1934

Leo Bwana Mkubwa, yule Mbelgiji mkuu wa wilaya, aliniita mezani kwake akanipa daftari mbili mpya. Anataka niandike historia na desturi za Mji wa Kati, ule mtaa wa zamani ulio katikati ya Kasongo: nani aliujenga, nani aliutawala, watu wake wanaoana vipi, wanazikana vipi, wametoka wapi. Taarifa iwe imekwisha kabla ya Noeli. Daftari moja ni ya taarifa, kwa Kifaransa. Hii ya pili nimeichukua mwenyewe, na ndani yake nitaandika Kiswahili.

Miaka sita nimekuwa karani hapa, na karibu kila nilichoandika ni majina ya watu wasiolima pamba. Nilitoka ofisini nimefurahi.

Mke wangu Ernestine hakufurahi. "Baba Mado, utaenda kukaa na wale?" Wale ni Wangwana, Waislamu wa Mji wa Kati. Mimi na yeye tumelelewa misioni, na kwetu kijijini, Wamaza, jina hilo halitajwi watu wakiwa wanakula. Mama wa mama yangu alikamatwa mtoni na watu wenye bunduki, akatiwa kamba shingoni, na njia waliyompitisha ilielekea huku. Mama yangu alibaki mgongoni kwa shangazi yake. Habari nyingine hatukupata.

Jumanne, 9 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Sikutoka.

Alhamisi, 11 Oktoba

Mji wa Kati ni mwendo wa dakika kumi kutoka ofisini, lakini sikuwahi kupita zaidi ya soko lake. Vichochoro ni vyembamba, nyumba zimegusana mabega, na kila nyumba ina baraza ya udongo iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Mkubwa wa mtaa ni Mzee Amuri bin Zuberi, mtu wa karibu miaka sitini, mrefu, kanzu yake imeshonwa viraka lakini ni safi kuliko shati langu. Aliniketisha kwenye mkeka, akaagiza kahawa, hakuniuliza habari za dini yangu.

"Andika, karani," alisema. "Hapa palikuwa muji mukuu. Mutu wa Nyangwe akitaka neno, alikuja hapa. Mutu wa Kabambare akigombana na mwenzake, alihukumiwa hapa. Babu yangu alitoka pwani. Yeye ndiye alileta muchele, alileta Kitabu, alileta nyumba ya pembe ine. Mbele yake hapa ilikuwa pori tu. Siye hatuko watu wa hapa, karani. Tuko Wangwana."

Nilifikiri: katika pori hilo walikuwamo watu wetu. Niliandika neno kwa neno, na maneno hayo nikayaweka ukurasa wa kwanza wa taarifa kwa sababu aliyasema vizuri.

Ijumaa, 12 Oktoba

Ernestine aliuliza kahawa yao ikoje. Nikamwambia ina tangawizi. Akasema, "Basi umekunywa."

Alhamisi, 18 Oktoba

Leo Mzee Amuri alinitembeza. Mtaa umegawanyika vipande saba, na kila kipande kina mlango mmoja unaoitwa mlango mkubwa, wa mbao za mninga, hata kama nyumba nyuma yake imebaki ukuta mmoja. Bibi arusi wa Mji wa Kati haendi kwa mume moja kwa moja. Anatembezwa kwa miguu kwenye milango yote saba, na katika kila mlango mwanamke wa nyumba anamtilia kiganjani mchele kidogo. Akifika kwa mume anapika mchele huo, na mume anakula kwanza yeye kabla ya ndugu zake. Mwezi wa pili watamtembeza milango hiyo Faida, mjukuu wa Mzee, anayeolewa na kijana wa familia kubwa ya Nyangwe.

Nilimuuliza maana yake.

"Ni desturi ya pwani," alisema.

Niliandika: desturi ya pwani.

Alhamisi, 25 Oktoba

Leo niliuliza lile nililokuwa nikilimeza. Nilimwambia, "Mzee, na watu wa kamba? Waliofungwa wakaletwa hapa, waliishi wapi?"

Wazee wawili waliokuwa wamekaa naye waliinuka wakaenda kuswali, na wakati wa swala ulikuwa bado. Mzee Amuri aliutazama mvuke wa kahawa mpaka ukaisha.

"Kuna maneno ya barazani, karani, na kuna maneno ya uani. Weye umekaa barazani."

Nikaondoka bila kuaga vizuri. Njiani niliwaona wote kama watoto wa wakamataji, na nilisikia raha mbaya kuwaona hivyo.

Ijumaa, 2 Novemba

Mvua kubwa. Watu wote wako mashambani wanapanda mpunga. Barazani hakuna mtu.

Jumanne, 6 Novemba

Sina budi kuandika yote ya leo.

Nilimkuta Mzee Amuri ameenda shambani. Dada yake, Bibi Aziza, alikuwa peke yake uani, na mvua ilipozidi aliniita niingie jikoni nisilowe. Ni mwanamke mdogo wa mwili, mjane, miguu imevimba. Ameniletea kahawa mara tano bila kusema neno. Mbuzi wake aliingia akatia mdomo kwenye ungo wa mchele. Bibi akamrushia kijiti na kumtukana. Alimtukana kwa Kibangubangu, lugha ya kwetu, kwa tusi lile lile la mama yangu, kwa sauti ile ile ya Wamaza inayovuta mwisho wa neno.

Nilimjibu kwa lugha hiyo hiyo. Nilimuuliza ameipata wapi.

Alikaa chini taratibu. Akarudi kuchambua mchele. Halafu akasema kwa Kiswahili, "Ni ya mama yangu. Hakuwa na nyingine ya kutukania."

"Mama yenu wewe na Mzee?"

"Tumbo moja. Aliletwa kwa kamba, na alama iko hapa," akajigusa shingo chini ya sikio, "hata tulipomwosha alipokufa tuliiona. Baba alikuwa mupiga ngoma wa bwana mumoja wa pwani, na yeye vilevile aliletwa, kabila lake Muzimba. Hapana pwani. Ni mabwana ndio walitoka pwani, na walipopigwa na Bulamatari, serikali hii ya Wazungu, walikimbia, wengine wakafa. Nani alibaki? Walibaki wale wa kamba. Tukabaki na nyumba, na dini, na jina. Mungwana ni mutu huru, mwanangu. Uliona mutu mwenye kuvaa jina hilo kwa nguvu kama yule aliyelikosa?"

Nilimuuliza nyumba ngapi ziko hivyo. Alicheka bila furaha. "Uliza ngapi haziko."

Kisha akanieleza milango saba. Mwanamke wa kamba alikuwa hana baba wa kumwoza, hana mjomba wa kumtetea, na mume akimpiga hana kwa kukimbilia. Basi wanawake wenyewe walianza kutiliana mchele. Aliyekutilia mchele ndiye ndugu yako. Mume akikuudhi, milango saba inakuja kumuuliza. "Haikutoka pwani ile. Ilitoka hapa jikoni."

Nilimtajia jina la mama wa mama yangu. Alifikiri, macho yakanionea huruma. "Majina yalibadilishwa siku ya kwanza, mwanangu. Labda nilikula kwake. Sitajua."

Nilipoinuka alinishika mkono. "Usiandike hayo. Faida anaolewa Nyangwe. Wale watu wakisikia ni mujukuu wa mutumwa, watamurudisha. Na Amuri atakufa kwa haya. Niahidi."

Nikaahidi.

Jumatano, 7 Novemba

Sikufanya kazi. Nimewachukia miaka thelathini, kumbe nilikuwa nawachukia waliochukuliwa.

Jumatatu, 19 Novemba

Naandika taarifa. Milango, mazishi, mpunga, majina ya mabwana wa zamani. Ernestine nimemwambia yote ya Bibi Aziza. Akasema nimpelekee mafuta ya mawese kwa ajili ya miguu.

Jumamosi, 8 Desemba

Mwezi umeandama. Mji wa Kati unafunga. Mvua haiachi, na ukuta wa nyuma wa msikiti umeanguka kona moja.

Jumatatu, 17 Desemba

Nimepeleka taarifa, kurasa arobaini na mbili. Bwana Mkubwa alisoma ukurasa wa kwanza nimesimama. Akasema, "Vizuri sana, Hippolyte. Hiki ndicho hasa nilichokuwa nakitafuta." Hajawahi kunisifu.

Jumatatu, 7 Januari 1935

Idi. Mzee Amuri aliniletea wali na nyama mpaka nyumbani, kwa mkono wake. Ernestine alimpa kiti chenye mgongo.

Jumatano, 9 Januari

Asubuhi nilipewa barua ya kupiga kwenye mashine, inakwenda kwa wakubwa wa jimbo. Nilikuwa napiga bila kusoma, kama tunavyozoea, mpaka vidole vikasimama vyenyewe.

Inasema mahali pa Mji wa Kati patajengwa ghala za pamba na barabara iliyonyooka. Inasema wakaaji wake, kwa kukiri kwao wenyewe, si wenyeji wa nchi hii bali ni wageni waliotoka pwani, na kwa hiyo hawana haki ya desturi juu ya ardhi, wala hakuna haja ya kuwauliza. Wahamishiwe bonde la kusini kabla ya mwezi wa nne. Halafu: tazama taarifa ya karani Hippolyte, ukurasa wa kwanza.

Hatuko watu wa hapa, karani. Mbele yake ilikuwa pori tu. Maneno ya Mzee kama nilivyoyasikia, na Kifaransa changu hakina kosa.

Barua niliimaliza. Sikujua la kufanya isipokuwa kuimaliza.

Alhamisi, 10 Januari

Niliomba kusema na Bwana Mkubwa. Nilimwambia watu wale, wengi wao, mama zao ni wa nchi hii, Wazimba, Wabangubangu, na kwamba taarifa ina upungufu.

Hakukasirika. Alisema, "Wenyewe wanasema ni wageni. Wewe unasema si wageni. Leta majina na mashahidi kabla ya mwisho wa mwezi, nitaambatisha. Bila majina, ni maneno."

Jumamosi, 12 Januari

Nilimkuta Mzee Amuri barazani peke yake. Nilimwambia ya barua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Bonde la kusini ni maji," alisema.

"Najua, Mzee. Kuna njia moja. Nikiandika mama zenu walikotoka, mutahesabiwa kuwa watu wa nchi. Nahitaji majina kumi tu. Lako la kwanza."

"Nani alikuambia habari ya mama yangu?"

Sikumtaja. Lakini alitazama mlango wa uani, nikaona amejua.

"Weye uko mutoto wa misioni," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini. "Padri alikufundisha kuungama. Siye hatukufundishwa hivyo. Baba yangu alikufa anaitwa Mungwana. Nilimuzika kwa jina hilo. Unataka nimufukue, nimuvue, nimuzike tena ni mutumwa, kusudi nibaki na nyumba?"

"Nataka mubaki na mahali penu."

"Mutu bila jina, akae wapi, mahali pake ni wapi?"

Alinisindikiza mpaka mwisho wa mtaa kama mgeni wa heshima, na hapo akaniambia nisirudi mpaka aniite.

Ijumaa, 18 Januari

Mvua. Hajaniita.

Jumanne, 22 Januari

Bibi Aziza alikuja nyumbani kwetu na miguu yake ile, akiwa na mwavuli wa majani. Anataka kuwa shahidi. Nilikuwa tayari kuandika, lakini baadaye akafika Faida kumchukua, analia, anasema babu amekataa kula. Bibi alinitazama, akamtazama Faida, akamshika mjukuu bega, wakaondoka. Ukurasa ulibaki mweupe.

Alhamisi, 31 Januari

Mwisho wa mwezi. Sikupeleka kitu.

Jumatatu, 4 Februari

Leo watu wa Mji wa Kati waliitwa mbele ya ofisi. Walikuja wote, wanaume mbele, wanawake nyuma, wamevaa vizuri kama watu wa Idi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na hakuna aliyefunua mwavuli. Bwana Mkubwa alisoma amri kwa Kifaransa barazani, nami nilisimama chini kwenye ngazi nikaigeuza Kiswahili. Wahame kabla ya tarehe ishirini na tano Machi. Waruhusiwa kuchukua milango na miti ya paa. Nilipofika mahali pa "wageni kutoka pwani" niliyaruka maneno hayo, kisha nikarudi nikayasema.

Kisha Mzee Amuri akatoka mbele. Alivua kofia yake, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya, na kichwa chake kilikuwa cheupe.

"Karani, mugeuzie Bwana. Sema mutu huyu, miye, alisema uongo."

Niligeuza.

"Jina langu Amuri. Mama yangu alizaliwa Wamaza. Alikamatwa akiwa binti, aliletwa hapa kwa kamba. Baba yangu Muzimba wa kandokando ya mito hii, vilevile kwa kamba. Miye si mugeni. Kabla ya mabwana wa pwani, na kabla yenu, watu wangu walikuwa katika nchi hii. Geuza."

Niligeuza. Nyuma yangu nilisikia mtu anacheka kidogo, cheko la aibu, kisha likazimika. Kijana wa Nyangwe aliyekuwa amuoe Faida alikuwamo katika watu. Nilimwona akigeuka na kwenda zake njia ya mtoni, na baba zake wadogo wakamfuata.

Mzee aliwaona pia. Hakurudi nyuma.

Bibi Aziza akasema kutoka kwa wanawake, "Na miye ndugu yake, tumbo moja." Halafu Atumani, mshona kanzu: "Mama yangu Muzimba." Halafu mwalimu wa Kurani, mzee asiyeona vizuri: "Wangu sijui alitoka wapi. Alilia kwa lugha nisiyoijua." Wakaendelea hivyo, mmoja mmoja, na kila mmoja alisubiri nigeuze kabla mwingine hajasema. Nilihesabu mpaka thelathini, nikaacha.

Bwana Mkubwa alisubiri vilevile. Mwishoni alisema kwamba amri imekwisha kutiwa sahihi huko jimboni, na kwamba wakubwa walifuata taarifa iliyoandikwa. Kisha akaniuliza mimi, kwa Kifaransa, kwa sauti ndogo, kama nilikuwa najua haya nilipoandika.

Hakuna mwingine pale aliyeelewa. Ningeweza kumjibu kwa neno moja na watu wasijue. Niligeukia watu nikasema, "Bwana ananiuliza kama nilijua. Nilijua tangu mwezi wa kumi na moja. Sikuandika."

Sikusema kwa nini, maana sababu yangu, Bibi Aziza, alikuwa amesimama nyuma kwa wanawake, miguu imevimba. Bwana Mkubwa alifunga faili akaingia ndani. Watu waliondoka bila kunigusa, bila kunitukana. Walinipita kama wanavyokipita kisiki.

Jumanne, 5 Februari

Nimeambiwa nitahamishiwa Kabambare, kuandika mashamba ya pamba, tarehe mosi Aprili.

Jumatatu, 18 Februari

Mvua siku tisa mfululizo. Watu wa Nyangwe wamerudisha ujumbe: arusi haipo. Ernestine alikwenda kumwona Faida. Alirudi akasema alimkuta anatwanga, na hakuuweka mchi chini.

Jumatatu, 4 Machi

Wamepewa bondeni viwanja vilivyopangwa kwa kamba na vijiti. Ukichimba mkono mmoja unapata maji. Mpunga waliouacha kule juu haujaiva.

Jumatatu, 11 Machi

Bibi Aziza amefariki. Kifua, tangu walipolala siku tatu bila paa. Nilisimama mbali na kaburi, kwa kuwa mimi si wa dini yao, na kwa ajili ya ile taarifa. Waliteka maji kaburini kwa ndoo kabla ya kumlaza.

Ernestine hakusimama mbali. Aliingia kwa wanawake akakaa nao mkekani mpaka jioni.

Ijumaa, 22 Machi

Wafungwa wamebomoa nyumba za mwisho. Kutoka dirishani kwangu sasa naona moja kwa moja mpaka sokoni, kitu ambacho hakikuwezekana. Milango mikubwa mitano imechukuliwa. Miwili ilipasuka wakati wa kuing'oa.

Jumapili, 24 Machi

Leo Mzee Amuri aliniita.

Nilishuka bondeni baada ya misa. Nyumba yake ni ya miti na majani, haijakandikwa, na mlango mkubwa umeegemezwa ukutani kwa kuwa nyumba haiwezi kuubeba. Amekonda. Alinitandikia mkeka juu ya majani makavu. Kahawa haikuwepo, alinipa maji ya moto yenye tangawizi.

Nilimwomba msamaha. Alinyoosha mkono ninyamaze.

"Ulimuahidi dada yangu. Miye nilikukataza. Kila mutu alishika neno lake, na nyumba zikaanguka. Sijui nimulaumu nani, na nimejaribu." Akakohoa. "Una daftari?"

Nilikuwa nayo hii.

"Andika sasa."

"Mzee, Bwana hataisoma. Imekwisha."

"Sikusema asome."

Walikuwa wamekwisha kukaa nje, chini ya majani, watu labda hamsini, wanaume na wanawake pamoja, wakingoja. Waliingia mmoja mmoja. Kila mmoja alitaja jina lake, kisha jina la mama yake, na alikotoka kama alikuwa anapajua: Wamaza, Kabambare, mto fulani, mlima fulani. Niliwarudishia kila jina kwa sauti ili wasikie kama nimelipata sawa. Faida aliingia na kutaja mama yake, na mama wa mama yake, na akasimama mpaka wino ukakauka.

Mvua ilianza saa kumi, maji yakapita chini ya mkeka, tukaulaza mlango ule mkubwa, tukaweka daftari juu yake na kuendelea. Wa mwisho alikuwa yule mwalimu asiyeona vizuri. Alikaa mbele yangu.

"Sina jina lake," alisema. "Nilimuita mama tu."

Nilimuuliza niandike nini.

"Andika hivyo," alisema, nami nikaandika.